Aliyebonyeza Kubali

Nguvumali, Tanga
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwako Somo yangu, Bi Mwatum,

Shikamoo Somo. Tangu Idi Pili nimekupigia mara kumi na nne, simu haipatikani. Jana Luka wa gari la nazi kaniambia umeizima, umeifunga kwenye mfuko wa chumvi na kuisukuma chini ya kitanda, na kwamba mwenye shida nawe akuandikie kwa kalamu. Basi ndiyo hii. Tangu nimalize shule sijaandika barua kwa mkono. Pale dukani mimi nachapa tu, tena maneno ya watu wengine.

Najua habari imeshakufika, lakini imepita midomo mingi, nami nataka uipate kwangu. Idi Pili tulialika watu nyumbani. Alikuwepo baba mkwe wangu, mzee Abass, na mume wangu Mundhir, na mdogo wake Massoud aliyekuja na mkewe Tuhfa, na majirani wawili wanaume. Wanaume walikaa sebuleni, sisi tuko uani tunapakua. Walikuwa wamesikiliza kaswida kwenye televisheni, zikaisha, hakuna aliyeigusa. Sasa ile televisheni yetu mpya ikiachwa hivyo dakika chache huanza yenyewe kuonesha picha, za watoto, za safari ya Lushoto, na sisi huwa tunafurahi. Nikiwa mlangoni na sinia la pilau nikasikia sebule imenyamaza.

Somo, mgongo wa Tuhfa ulikuwa umejaa ukutani. Mgongo mtupu, toka mabegani hadi kiunoni, nusu umepakwa liwa la kusugulia, na lile kovu lake la uji wa moto la utotoni linaonekana lote. Ni picha ya zile siku zake saba za singo, alipokuwa ndani kwako akisuguliwa kabla ya harusi, siku ambazo hata mama yake mzazi alikuwa akibisha hodi.

Mzee Abass aligeuza uso, akasema astaghfirullah. Massoud aliruka akachomoa waya. Tuhfa alikuwa nyuma yangu, kaona kila kitu. Alivaa baibui akatoka, akaenda kwao Tongoni, na mpaka leo hajarudi kwa mumewe. Anasema hawezi kumwandalia chai baba mkwe aliyemwona namna ile.

Na watu wote wanasema ni wewe, kwa kuwa picha ni ya simu yako na chumbani mlikuwa wawili tu. Mimi nimekutetea Somo, wallahi nimekutetea. Nimewaambia hii ni kazi ya yale makampuni makubwa ya ng'ambo. Wanachota picha za watu wanapeleka kwenye mashine zao, kisha zinatokea zinapotaka. Nimeshawaandikia malalamiko.

Na unyayo je, kidonda kimefunga? Usiache kuosha kwa maji ya chumvi.

Mwari wako,
Suhaila


Pangani
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mwari wangu Suhaila,

Marahaba. Gundi sina, hii nimeibandika kwa punje za wali. Ikikufikia imefunguka, mkamate Luka.

Nilipiga ile picha. Sikatai, wala Tongoni sitakataa. Siku ya tatu ya singo lile kovu liliwaka kwa liwa, likatoa vipele. Tuhfa akaanza kulia. Anasema Somo nimeharibika, Massoud atanikimbia. Namwambia ni wekundu tu, kesho umekwisha, haamini. Mgongo wake mwenyewe haujui, maskini, ameusikia tu kwa watu. Nikamwambia ngoja nikuoneshe. Nikapiga, nikampa simu mkononi, akajiangalia weee, akasema, kumbe ndiyo hili tu? Akacheka. Kisha nikaifuta mbele ya macho yake, nikabonyeza lile pipa la taka kama ulivyonifundisha. Nilijua imekwenda.

Ijumaa kaja Mwanamkasi, mama yake Tuhfa. Kateremka garini na ile doti ya kanga niliyomfunga mwanawe siku ya kumtoa ndani. Hakuingia. Kaiweka kizingitini, akanitukana matusi ambayo siyaandiki, akaondoka. Miaka thelathini na moja nafunda watoto wa watu, Suhaila, sijarudishiwa kanga hata siku moja. Unajua maana yake. Mie si somo wa Tuhfa tena. Na bibi harusi wangu wa mwezi ujao mama yake kashampeleka kwa mwingine. Nikipita sokoni wanawake wanasalimia haraka haraka.

Jumapili ya tarehe 27 naitwa Tongoni nijieleze mbele ya wanawake. Kwa hiyo nataka unieleweshe, wewe ndiye mwenye kuyajua haya.

Kazi yangu mie ni kutunza siri. Mtu akinipa mwanawe nimfunde ananijua. Anamjua mama yangu, anaijua nyumba, nikiharibu anakuja kunitukana kizingitini kama alivyofanya Mwanamkasi, na haki anayo. Hao unaosema wa ng'ambo nyumba yao iko wapi? Nikitaka kwenda kubisha hodi, nibishe mlango upi? Na aliyewapa siri zetu wazitunze ni nani? Maana Luka ana simu kama yangu, ananiambia hawachukui hivi hivi, kwanza wanauliza, na mtu hubonyeza kubali. Mie sikubonyeza kitu. Simu ulinitengenezea wewe dukani kwenu, nikapewa ipo tayari.

Halafu picha ya simu yangu ya Pangani imeijuaje televisheni yako wewe ya Nguvumali? Kwa nini isitokee kwa mtu wa Handeni huko, asiyemjua Tuhfa wala Massoud?

Na jingine dogo. Habari ya unyayo wangu kakwambia nani?

Somo yako,
Mwatum binti Suleimani


Nguvumali
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Somo yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kazini nikaishia kwenda chooni kulia. Mwanamkasi kakosea sana, kukurudishia kanga! Hajui alifanyalo.

Maswali yako ni magumu, Somo, hata wataalamu hawayawezi. Mambo ya mitandao yameunganika mno. Simu inaongea na simu, simu inaongea na televisheni, mtu wa kawaida haelewi. Huko kubonyeza kubali ni kwa kila mtu, kila simu duniani inabonyezwa kubali, vinginevyo haiwaki. Yale maandishi yake ni marefu, ni Kiingereza, hakuna anayeyasoma. Mimi hapa dukani nawabonyezea watu hata hamsini kwa siku, fomu za mikopo ya wanafunzi, za vitambulisho, za kazi. Ndivyo ilivyo.

Mundhir yeye anasema tusiwe na hofu, sisi ni nani hata watu wakubwa namna ile watuangalie. Ana maana kwamba tuko wengi mno, hawamwoni mtu, wanaona namba tu.

Kampuni wamenijibu. Siku hiyo hiyo, ndani ya dakika moja. Wamesema asante kwa maoni yako, yanatusaidia kuboresha huduma.

Nilivyofikiri mimi, tarehe 27 useme hivyo hivyo, kwamba ni kampuni. Nimekuchapia ukurasa mzima wa maelezo, nimeuambatanisha hapa, umpe mtu mwenye sauti nzuri awasomee. Wakisikia maneno ya kitaalamu watapoa.

Habari ya kidonda kaniambia Mundhir. Alikuona kivukoni unachechemea.

Suhaila


Pangani
Jumanne, 15 Aprili 2025

Suhaila,

Ukurasa wako nimeusoma mara mbili. Nimefungia bizari.

Wamekujibu asante, ndani ya dakika moja. Kha! Mwanamkasi angalau alinitukana, nikajua kanisikia.

Sitasema kampuni Tongoni. Wale ni watu wazima, wataniuliza hiyo kampuni ni mtoto wa nani, na ilipita mlango gani kuingia chumbani kwangu. Na mie sina jibu, kwa kuwa wewe hujanipa.

Msalimie Mundhir. Mwambie ana macho makali, kuuona unyayo wa mtu aliyevaa ndara.

Siku ninakutoa ndani wewe, miaka kumi na moja iliyopita, nilikufunga kanga kiunoni nikakwambia maneno ambayo nawaambia wari wangu wote. Nilikwambia nitakufunika mpaka nife, hata ukinikosea mie mwenyewe. Uliitikia, ukalia, kamasi zikakutoka. Nadhani unakumbuka.

Sasa nakuuliza mara ya pili, na ya tatu hakuna. Nani alibonyeza kubali?

Mwatum


Nguvumali
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Somo,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa. Nimechana barua nne. Hii nampa Luka leo mchana ili uipate kabla ya Jumapili.

Nilibonyeza mimi.

Ulipoleta simu dukani palikuwa na foleni, watu wananung'unika. Simu ikataka akaunti, na akaunti ikataka tarehe yako ya kuzaliwa. Nikakuuliza. Ukaniambia ulizaliwa mwaka ule mto ulipofurika ukafika sokoni, mahindi yakiwa yamebeba. Watu kwenye foleni wakacheka. Niliona aibu, Somo, niliona aibu kwa ajili yako, nikataka yaishe. Basi nikaingiza akaunti yangu mimi, nikabonyeza kubali, kubali, kubali, nikakukabidhi. Nilisema nitakutengenezea yako siku nyingine. Kwa hiyo simu yako na yangu na televisheni ya Mundhir zote kwao ni mtu mmoja. Ukipiga picha Pangani, inafika kwangu kabla hujaiweka simu chini. Na ukiifuta kwako, umefuta ya kwako tu, yao inabaki.

Nilijua tangu wiki ya kwanza. Ilikuja picha ya sufuria ya mchuzi wa papa. Nikacheka, nikasema nitamwambia Somo. Sikukwambia. Zikaja nyingine. Nimekuona miaka miwili. Nimeona sahani moja mezani, kila siku sahani moja. Nimeona mikono ya wari wako na hina zao kabla waume zao hawajaziona. Nimeona unyayo wako, kwa kuwa huwezi kuinama kuuangalia ukaugeuza kwa simu, kidonda kinakua wiki hadi wiki, na mimi nikakaa kimya, sikukuletea hata dawa, kwa sababu ningekuja na dawa ungeuliza nimejuaje. Mundhir hajakuona kivukoni. Nilidanganya.

Na ya Tuhfa niliiona siku ile ile. Kovu lake nimelijua kabla ya Massoud.

Kuna jambo moja nililitoa kwenye zile barua nne nilizochana, nalo nakuandikia. Tuhfa alipoingia kwenye ile familia kila mtu alikuwa akimsifu, ngozi yake, mwendo wake, sauti yake. Mama mkwe alikuwa akisema mbele yangu, safari hii tumepata. Ile picha ilipotokea, Somo, nilifurahi. Sikuifuta kwa kuwa nilifurahi. Nilikuwa nikiifungua akisifiwa. Sasa nasema ni kampuni, ni kampuni, na ni kweli wameichukua na kuirusha ukutani bila kuuliza mtu, lakini hao hawakumjua Tuhfa. Mimi nilimjua.

Mbele ya Mwanamkasi sithubutu kusimama. Tafadhali, Jumapili wasomee hii barua. Itakusafisha. Useme ni mimi.

Suhaila


Pangani
Jumapili, 27 Aprili 2025, baada ya alasiri

Suhaila,

Nimerudi Tongoni sasa hivi. Barua yako sikuipata, wala ya kunijibu wala ya kunisalimu. Gari la Luka nasikia limelala Kigombe tangu Alhamisi, limevunjika ekseli, basi kama uliandika sijui. Nimejiambia labda uliandika.

Wanawake kumi na wanne, ukumbini kwa Mwanamkasi. Tuhfa kakaa pembeni kajifunika, amekonda. Niliulizwa, picha umepiga wewe? Nikasema ni mie. Umempa nani? Ningeweza kusema wazi, kwa kuwa nilishajua. Unyayo wangu sijamwonesha mtu, Suhaila, hata muuguzi wa zahanati sijamwonesha, naona haya. Ulioneshwa na simu peke yake. Uliponiuliza habari zake katika barua yako ya kwanza nikajua kilichoonekana na simu yangu kimeonekana nawe.

Nikawaambia sikumpa mtu kwa mkono wangu. Lakini nilitia chumbani kitu nisichokijua kinakwenda kusema wapi, na hilo ni kosa langu mie, si la mwingine. Somo haingizi chumbani mtu asiyemjua, nami niliingiza. Nikaomba radhi. Nimepiga magoti, na goti langu unalijua lilivyo.

Sikukutaja. Nilikuahidi siku ya kanga, nimekufunika.

Mwanamkasi akasema haya, mkosaji amejulikana, mwanangu atarudi kwa mumewe. Kanga hakuitoa kizingitini kwangu, ipo pale pale, na kuiingiza ndani si juu yangu. Nimewaambia kufunda nimeacha. Wakaleta chai. Sikuinywa.

Tuhfa alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniuliza kitu kimoja tu: Somo, toka mwaka jana Shaabani mpaka Idi hii, nani alikuwa akiniangalia? Nimemwambia sijui. Ni mara ya kwanza kumdanganya mwari wangu.

Mwatum


Pangani
Jumatano, 30 Aprili 2025

Suhaila,

Barua yako ya tarehe 24 imefika jana, inanuka mafuta ya gari. Nimeisoma, nikaitia ndani ya msahafu, nikaitoa, maana si mahali pake. Sasa iko kwenye debe la mchele.

Ungekuwa karibu ningekuchapa. Nakwambia kweli, ningekuchapa, na mtu mzima ulivyo. Si kwa kubonyeza. Foleni naielewa, na kuchekwa kule nakukumbuka, hata mie niliona haya siku ile. Ni kwa kuniangalia nakula peke yangu miaka miwili usije hata siku moja na sahani ya pili.

Ya Tuhfa sina la kukwambia. Hilo ulilolifurahia kaa nalo wewe.

Halafu unaniambia niwasomee barua. Yaani mie nikuvue nguo mbele ya wanawake kumi na wanne wakati wewe umekaa Nguvumali? Ndiyo ile ile, Suhaila. Kumwonesha mtu hali mwenyewe hayupo. Sisomi barua ya mtu.

Nimekuandikia majina nyuma ya karatasi hii. Wari wangu wa miaka hii miwili, wote walioonekana, na nyumba zao zilipo. Nyumba tisa. Utakwenda kwa miguu yako, uingie, ukae chini, umwambie mwenyewe ulichokiona cha kwake. Usianze na kampuni. Usimpe mtu karatasi uliyoichapa. Anza Tongoni.

Ukimaliza ndiyo uniite Somo. Kwa sasa usiniite.

Mwatum binti Suleimani


Nguvumali
Jumatatu, 12 Mei 2025

Bi Mwatum,

Shikamoo. Nimekuita hivyo kama ulivyotaka.

Tongoni nilikwenda Jumamosi ya tarehe 3. Usiku wa kabla yake nilimweleza Mundhir. Hakunigombeza. Aliniuliza kama zipo na za mama yake. Nikamwambia hapana. Akavuta shuka akanigeuzia mgongo, na tangu siku hiyo simu yake anaiweka kifudifudi nikipita.

Tuhfa alikuwa bado kwao, anafunga mizigo. Nilimwambia mbele ya mama yake. Nilimwambia yote, na lile la kufurahi pia. Nilitaraji atanirukia. Mwanamkasi ndiye aliyeinuka, akanishika hapa shingoni kwa kanga yangu, akaniachia, akaenda jikoni, nikasikia anavunja kitu. Tuhfa alibaki amekaa. Akaniuliza, ulikuwa unaifungua mara ngapi? Nikasema sijui. Akasema, kadiria. Bi Mwatum, nilikadiria. Nilimtajia hesabu, nikiwa nimeangalia mkeka.

Akasema nipe hiyo simu. Akaitafuta mwenyewe, akaiona, akaiangalia kwa muda. Akabonyeza kufuta. Simu ikamwandikia kwamba picha itakaa kwenye kapu siku thelathini kisha itafutwa kabisa. Akafuta na kwenye kapu. Halafu akauliza, na huko kwao? Ile nakala yao, nani anakwenda kuangalia kama kweli wameitupa? Nikajikuta nataka kujibu kama ninavyowajibu watu dukani, usijali, ziko salama. Sikusema. Nilimwambia sijui, na hakuna ninayemjua anayejua.

Hajanisamehe. Amerudi kwa Massoud Jumapili, anamwandalia mzee Abass chai, mzee anaipokea ameangalia chini. Televisheni yetu Mundhir kaishusha ukutani mwenyewe, ipo uani inakusanya vumbi. Tukikutana kwa mama mkwe Tuhfa ananisalimia, kisha anavuta ushungi mbele mpaka kwenye nyusi, hata tukiwa wanawake watupu.

Nyumba nyingine saba nimezimaliza jana. Ritha wa Boza alicheka, akasema mikono yake ameshaiweka mtandaoni mwenyewe. Wawili walilia. Mmoja alifunga mlango, nikamwambia nikiwa nje dirishani, majirani wakasikia. Mume wa mmoja alinifukuza. Kote nilisema mimi ndiye niliyeona, Bi Mwatum hakujua. Siku hizi watu hawaniletei fomu zao. Wanapita duka letu wanakwenda la pili, na mwenye duka kanitazama tu.

Mwanamkasi kanituma. Anasema ile kanga iliyopo kizingitini kwako uitoe uifue, ina vumbi, na kwamba atakuja mwenyewe kuichukua, mwanawe anaitaka. Neno la radhi hakulisema, lakini alikuwa akilia.

Nyumba nane nimekwenda. Ile ya tisa umeandika namba tu, jina hakuna. Naomba unitajie.

Suhaila


Pangani
Alhamisi, 15 Mei 2025

Suhaila,

Kanga nimeifua. Imekauka, nimeikunja, ipo tayari kwa mwenyewe.

Nimesoma barua yako yote. Pale pa kukadiria nilisimama nikaenda kuteka maji, nikarudi nikamalizia.

Nyumba ya tisa sikuandika jina kwa kuwa nilidhani unaijua. Uliitazama miaka miwili. Ina meza moja na sahani moja.

Njoo Jumapili. Hutaniletea barua wala hutaniletea dawa, dawa tutakwenda kununua wote. Utakaa chini kwenye mkeka kama walivyokaa wenzako, utaniambia ulichokiona cha kwangu, kimoja kimoja, mie nikikuangalia usoni. Nitaona haya, nawe utaona haya. Ukishamaliza nitavua ndara, nikupe mguu wangu mwenyewe, uutazame. Kidonda hakijafunga, kimefika kisiginoni.

Mwatum